Nilisema Biskuti Si Zako

Dada Nekesa,

Umefika nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Ulizikwa Jumamosi, Bungoma, nyuma ya nyumba ya mama yako, upande wa ile migomba uliyokuwa ukinionyesha kwenye picha. Mwanao Nanjala alinyanyua simu juu ya vichwa vya watu ili nami nione huku Jidda. Nililiona jeneza likishushwa, likakwama, likainuliwa, likashushwa tena. Nikawasikia akina mama wa kanisa lenu wakiimba. Halafu picha ikaganda kwenye mgongo wa mtu aliyevaa koti, na madam akaniita nikapige pasi.

Nilipiga pasi abaya zote za nyumba. Sikuunguza hata moja.

Wiki saba ulilala kwenye friji la hospitali kule Riyadh. Nyumbani walikulilia, wakanyamaza, wakaanza upya. Ulipotoka, wengi walisema ni dua. Dua zilikuwapo, zangu za kimya jikoni na za mama yako kanisani. Lakini mimi najua kilichokutoa. Nilitoa kitu ndipo ukatoka, na kitu chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa chako. Nimejaribu kukuambia kwa moyo nikiwa naosha vyombo, nikashindwa. Labda kalamu itaweza.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza Al-Hamra, mtaa wetu huu wa Jidda? Nilitoka Likoni na begi moja na Kiarabu cha chuoni, kile cha kusoma Kurani bila kuelewa. Madam alikuwa akiniambia "yalla, yalla", yaani haraka, nami nikadhani ananiita kwa jina la mtumishi aliyenitangulia. Wewe ndiwe uliyenishika mkono ukaniingiza jikoni, ukafungua kopo, ukanipa biskuti. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Ukasema niivunje. Ndani mlikuwa na kikaratasi, mwandiko wako: "Hapa utalia wiki ya kwanza tu." Nililia wiki tatu, dada. Lakini siku ile nilicheka.

Halafu nikaingiwa na hofu nikakuuliza kama hii si ramli, maana kwetu kutafuta bahati kwenye vitu ni haramu. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Ramli gani, na ni mimi nimeandika?"

Ulinieleza zilikotoka mchana mmoja baada ya chakula, wenye nyumba wamelala, sisi tunachambua kuku. Kabla ya kuja Jidda ulikuwa Riyadh miaka mitatu, ukifanya kazi kwa mke wa injinia wa Kijapani. Yule mama alikuwa mpweke kuliko wewe, ulisema, ndiyo maana mkawa mnapika pamoja. Siku moja mumewe alileta kutoka safarini boksi la biskuti za bahati, zimeandikwa "za Kichina". Yule mama akazitazama, akakataa kula. Akakuambia, kwa kile Kiingereza chenu cha kuokoteza, kwamba hizi si za Wachina. Kwao Kyoto, karibu na mahekalu, zipo tangu zamani: kubwa, nyeusi-nyeusi, zina ufuta na miso, ule uji mzito wa soya wenye chumvi. Kikaratasi hakiwekwi ndani, kinabanwa kwa nje penye mkunjo, mtu asije akakimeza. Wajapani waliohamia Marekani, upande wa California, ndio waliokwenda nazo, wakazifanya ndogo, wakazitia sukari. Wachina wenye mikahawa wakawa wanazinunua kwao, wanawapa wateja baada ya kula. Ndipo vita vikaja. Serikali ya kule ikawakusanya Wajapani, wazee kwa watoto, ikawafungia makambini. Majiko yao yakapoa. Lakini watu walikuwa wameshazoea biskuti, basi Wachina wakaanza kuzioka wenyewe. Wajapani walipofunguliwa wakakuta dunia nzima inasema biskuti za Kichina.

"Na huko China kwenyewe," ulinimalizia ukinielekezea kisu, "hawazijui! Unaona mambo? Walikuwa wamefungiwa, Siti. Nani angewasemea?"

Ulilikasirikia jambo hilo kama vile wale Wajapani ni wajomba zako. Mimi nilikuwa naona ni hadithi tu ya kupitisha kazi.

Yule mama alikufundisha za kwao. Za madam ulizitunga wewe. Nilikuona ukizitunga, wiki baada ya wiki, ukitupa na kurudia: ute wa mayai, unga, sukari, samli kidogo, ufuta wa yule Mjapani, halafu iliki na maji ya waridi ili Waarabu wazitambue mdomoni. Unga ulale kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Nne tu kwenye trei, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kukunja zaidi ya nne kabla hazijakauka. Unatoa duara lingali moto, unaweka kikaratasi, unakunja, unaipinda kwenye ukingo wa kikombe, unashikilia. Ukichelewa kidogo tu inapasuka. Vidole vyangu viliungua mpaka nikawa siwezi kufunga vifungo, nawe ulikuwa unanitia asali na kunigombeza kwa pamoja.

Madam alipozionja mara ya kwanza alifumba macho. Hilo sitamnyima. Alizipenda kweli. Yeye ndiye aliyesema vikaratasi viandikwe dua na maneno mazuri ya Kiarabu badala ya utani wetu, yeye ndiye aliyenunua maboksi na kuzipiga picha, na harusi za Jidda zikaanza kumpigia simu. Wewe ulifurahi. Ulimwambia Nanjala kwenye simu, "Wanakula kitu changu mpaka kwa mabibi harusi." Ulikuwa unasema "changu" kila mara. Nilitamani nikuzuie, sikujua kwa nini.

Ile Alhamisi ya wageni ndiyo iliyoharibu. Mgeni mmoja aliuliza biskuti zimetoka wapi. Madam akajibu bila kupepesa, "Ni za bibi yangu, mzaa mama, ni mapishi ya zamani ya nyumbani kwetu." Wewe ulikuwa unapita na dalla, birika lao la kahawa. Ukacheka. Hukusema neno, ulicheka tu, cheko lako lile la kutoka tumboni, na wageni wakageuka wakakutazama, kisha wakamtazama madam. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Wiki haikuisha. Ukaambiwa dada yake wa Riyadh anahitaji mtu. Karatasi zako zikahamishwa, shemeji yake akawa ndiye kafili wako, mdhamini mwenye kushika vibali vyako. Uliniachia aproni na daftari lako la vipimo. "Nitarudi nilichukue," ulisema. Musyoka, dereva wetu, ndiye aliyekupeleka kituoni, na aliporudi alikaa ndani ya gari muda mrefu bila kuzima injini.

Yaliyokupata Riyadh unayajua wewe kuliko mimi. Mimi nilijua simu yako haipatikani, miezi mitano. Halafu siku moja sauti yako ikatoka kwenye namba ngeni: walikuwa wakikufungia ndani, siku hiyo umetoka na mfuko wa taka, ukauweka chini, ukaendelea kutembea. Uko Manfuha, mtaa wa hukohuko Riyadh, chumba kimoja na akina dada saba, wote hawana ikama, kile kibali cha kuishi. Sauti ilikuwa yako, lakini kama imepita mahali pembamba. Ulikuwa unakohoa. Nikakuambia nenda hospitali. "Na nikaonyeshe nini mlangoni?" ulijibu. Kafili alikuwa ameshakuandikisha huruub, mtoro, na mtoro akionyesha jina lake popote anashikwa. Basi ulikohoa hivyohivyo, ukiwasukia wenzako nywele, ukiwapikia chapati. Madam aliniuliza mara mbili kama najua ulipo. Nilimwambia sijui, nikimtazama usoni. Uongo ule wa kwanza haukuniuma hata kidogo. Ulikuwa mtamu.

Akina dada wa Manfuha walikubeba wenyewe ulipoanguka. Walijua wanaweza kushikwa, wakakubeba. Nataka ulijue hilo kama hukuwa na fahamu ya kuliona. Walikulaza mlangoni mwa hospitali, mmoja akabaki nawe mpaka ukapokelewa. Siku ya pili ukafa.

Musyoka ndiye aliyenipa habari, uani, ameshika kofia. Ana rafiki yake dereva kule Riyadh, mtu wa Machakos, ndiye aliyefuatilia. Niliketi chini kwenye vigae. Madam naye alipoambiwa alikaa kwenye kile kiti chako cha jikoni, akasema "Inna lillahi", akajifuta macho. Aliyafuta kweli. Nikadhani mambo yatakwenda.

Hayakwenda. Ili mwili usafiri kafili lazima atie saini, na kafili alikataa. Alimwambia rafiki wa Musyoka mlangoni kwake: "Huyo alitoroka. Si wangu. Halas." Wiki ya kwanza tulidhani ni hasira zitapoa. Wiki ya tatu alikuwa hapokei simu. Wiki ya tano Musyoka aliniambia polepole, "Siti, wakichoka kumweka watamzika hukuhuku. Na hakuna mtu atatuonyesha ni wapi." Mama yako alikuwa akinipigia kila siku baada ya kazi zake za shamba, ananiuliza kama nimekuona. Kila siku. Kama vile unaishi chumba cha pili na mimi ni mvivu wa kubisha hodi.

Nilimwomba madam azungumze na shemeji yake. Akasema hayo ni mambo ya wanaume. Nikamwomba tena. Akasema nisiharibu siku yake.

Ndipo ikaja harusi kubwa. Familia ambayo madam alikuwa akiitamani muda mrefu, mamia ya biskuti, na bibi mmoja mwenye watazamaji wengi mtandaoni atakuja na kamera nyumbani kumhoji. Madam alikuwa anatembea huku anaimba. Siku tatu kabla, aliniletea mayai jikoni, trei kwa trei, akayapanga mwenyewe.

Nikavua aproni yako. Nikaikunja, nikaiweka juu ya mayai.

"Madam," nikasema, "mafi biskuti." Hakuna biskuti.

Alidhani sikupata neno sawasawa. Akanirekebisha. Nikarudia, nikaongeza kwa Kiarabu changu kibovu: shemeji yako atie saini, Nekesa aende kwao, mimi nipike. Asipotia, sipiki.

Alipiga kelele. Akasema atanirudisha ofisini walikonitoa. Akasema atawaita polisi awaambie nimemwibia. Akachukua simu yangu, akaufunga mlango wa jikoni kwa nje, akaniacha na mayai. Nilikaa nikisikiliza gari likitoka. Niliwaza hivi ndivyo ulivyokaa wewe kule Riyadh, na mimi huku nilikuwa nalala vizuri.

Siku ya pili alijaribu kuoka mwenyewe. Nilisimamishwa pale nimtazame, nadhani alitumaini nitaona haya nimsaidie. Alioka nane kwa mpigo. Zilimpasukia mikononi zote. Akapunguza moto, zikawa laini kama chapati, hazikukunjika. Akapandisha, zikaungua, nyumba nzima ikanuka sukari iliyoteketea. Alijichoma kidole gumba, akakiweka kinywani, akanitazama. Nilikuwa najua kosa lake ni lipi. Unga haukulala. Neno moja tu. Nililimeza.

Siku ya tatu, adhuhuri, alikuja chumbani kwangu, kile cha karibu na mashine ya kufulia. Hajawahi kuingia. Akasimama, kwa kuwa hakuna kiti. Akasema amezungumza na shemeji yake, atatia saini kesho asubuhi. Kisha akasema, "Lakini."

Yule bibi wa kamera atataka kusema nami pia. Watu wanapenda kumwona mfanyakazi akifurahi. Nitaulizwa biskuti zimetoka wapi. Nitajibu ni za bibi yake madam, na ni madam aliyenifundisha. Nisipojibu hivyo, karatasi iliyosainiwa inaweza kufutwa kwa simu moja.

"Ni maneno tu, Siti," aliniambia. Mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Yeye amekufa. Atayafanyia nini?"

Sikumjibu papo hapo, na hilo naomba uliweke upande wangu, kama kuna upande wangu. Alitoka, akanirudishia simu yangu, akaniachia mlango wazi. Nilichukua daftari lako nikasoma mwandiko wako, "ufuta wa Mama Mjapani, usisahau", na pale pembeni umechora kikombe na mshale. Niliwaza: Dada Nekesa alicheka akahamishwa. Alihamishwa akafungiwa. Sasa mimi nikiliuza lile cheko lake, nitakuwa nani? Halafu nikawaza friji. Nikamwaza mama yako akikung'uta jembe, akishika simu, akiniuliza.

Nilimwambia madam ndiyo. Lakini nilimwambia sitawasha jiko mpaka Musyoka aniambie karatasi imepokelewa hospitalini, si imesainiwa tu. "Umekuwa mjanja," akasema. Nikasema nimefundishwa.

Asubuhi ya siku ya harusi nilikoroga unga kabla sijala, nikauacha ulale. Vikaratasi vimekatwa. Trei zimepakwa samli. Madam anatembea kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi jikoni, simu sikioni. Saa nne, kafili hajaamka. Saa tano, ametia saini, nikaonyeshwa picha. Nikatikisa kichwa: bado. Rafiki wa Musyoka yuko njiani, barabara imefungwa na magari. Saa sita. Madam alianza kulia, kilio cha hasira, akisema nitamwaibisha mbele ya mji mzima. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani. Sijui ule utulivu ulitoka wapi. Labda haukuwa utulivu, labda mwili ulikuwa umekataa kusogea.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha Musyoka alipoingia kwa mlango wa uani bila kubisha, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. "Imepokelewa," alisema. "Stamp iko. Jina lake limeandikwa vizuri. Rafiki yangu ameambiwa ndege ni wiki hii." Kisha akageuka haraka, akaenda kusimama karibu na pipa la maji, mgongo wake kwangu.

Niliwasha jiko. Sikumbuki sana saa zile. Nakumbuka vidole. Nne, nne, nne, nne. Hakuna iliyopasuka. Nadhani sijawahi kuzikunja vizuri vile na sitazikunja tena.

Bibi wa kamera alikuja alasiri, mzuri, mchangamfu, ananukia udi. Madam alivaa dhahabu. Alihojiwa kwanza yeye, akaeleza habari za bibi yake, ua wa nyumba ya zamani, harufu ya waridi. Alieleza vizuri, dada, kama mtu anayekumbuka. Nusura niamini. Yule bibi akasema, "Lakini si watu wanasema hizi ni za Wachina?" Madam akacheka kidogo, akasema Wachina wana zao, hizi ni za Hijazi. Mimi nimesimama nyuma ya meza na trei, nikafikiria wale Wajapani waliofungiwa kambini, wasijue ni nani anazungumza juu yao wakati huohuo.

Kisha kamera ikanigeukia.

"Biskuti hizi zimetoka wapi?"

"Kwa bibi yake madam."

"Na nani alikufundisha kukunja namna hii?"

Hapo nilikwama. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali, lakini si kwa mikono. Yule bibi alikuwa ananitazama vidole, makovu yale. Haikuzidi pumzi mbili, tatu. Niliona mkono wa madam ukisogelea simu iliyokuwa mezani. Najua wewe ungelitaja jina lako mwenyewe, ungelitaja kwa sauti hadi barabarani. Mimi nilitabasamu.

"Madam," nikasema. "Ni madam."

Ndivyo ilivyokuwa, Dada Nekesa. Nilikukana mbele ya watu, nikitabasamu, na siku ya tano ukapanda ndege.

Tangu hapo yamebadilika haya. Maboksi yamechapishwa upya, yana picha ya kikongwe mwenye mtandio mweupe, sijui ni bibi yake au ni picha tu. Ameletwa msichana mpya, Mganda, anaitwa Sanyu, ili nimfundishe kukunja. Nimemfundisha. Siku ya kwanza nilimwambia na jina lako, nikamfanya alitamke mpaka akaliweza. Musyoka amepata kazi kwingine, amehama. Madam ananiita Siti kila siku sasa, na kila akiniita nasisimka.

Na Nanjala ameiona video. Sikufikiria hilo. Nilifikiri Jidda ni mbali. Mtu alimtumia, naye akanitumia mimi, chini yake ameandika: "Aunty, mama alituambia ni zake. Kati yenu nani alikuwa anadanganya?"

Siku mbili sikujibu. Msichana wa miaka kumi na saba, udongo wa kaburi la mama yake haujakauka, na mimi namwacha na swali hilo. Ijumaa nilipata ruhusa nikaenda mtaa wa Nuzha kwa mwenzetu mmoja ambaye ana chumba chenye mlango unaofungika, nikampigia. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza hapa. Friji. Saini. Mayai. Tabasamu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilisikia kuku wakipita karibu naye.

"Kwa hivyo usingesema vile," akauliza, "mama angekuwa bado huko?"

"Ndiyo."

Nilitaka aseme asante. Nakwambia ukweli, nilikuwa naisubiri kama mtoto.

"Mimi nimefurahi yuko hapa," alisema. "Lakini sijui kama mama angekubali."

Nami sijui. Nimekuuliza tangu Ijumaa, na hunijibu. Wakati mwingine nakuona unanikumbatia. Wakati mwingine nakuona umesimama mlangoni na dalla mkononi, hucheki.

Mkataba wangu unaisha baada ya Ramadhani, na sitatia saini mwingine. Nikishuka Mombasa sitalala Likoni. Nitapanda basi moja kwa moja hadi Bungoma, na nitamwomba mama yako awaite majirani na wale akina mama wa kanisa. Nitasimama mbele yao na uso huuhuu waliouona kwenye video, niseme nilichofanya, kwa nini, na za nani. Nanjala ameniomba nisimwambie bibi yake kwa simu, nije nimwambie macho kwa macho. Nimekubali. Kama mama yako atainuka aingie ndani, nitakaa pale uani mpaka atoke. Nitakuwa nimebeba daftari lako. Ni la Nanjala sasa, wala si langu kuendelea kulishika.

Pumzika, dada yangu. Uko kwenu.

Mimi,
Siti